Kesho Nakwenda Kung'oa Marumaru

Rehema mwanangu,

Asalaam aleikum. Yale ya kuulizana u hali gani tuyaruke, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza chapati tatu na ya nne ukaifunga kwenye karatasi. U mzima. Sasa hivi umekwenda Temeke kumuaga shangazi yako, bibi yako yuko barazani anachambua mchele, na mie nimekaa kwenye kitanda chako, pembeni ya begi lako, naandika. Mwandiko wa darasa la saba unaujua, vumilia.

Kesho sitakusindikiza stendi. Mjomba wako Salum ndiye atakupeleka. Najua utanuna. Najua utasema, mama yangu mzazi, siku naenda Dodoma kuanza kazi, yeye kaenda zake kwenye marumaru. Ni kweli, kesho nakwenda kwenye marumaru. Nakwenda kung'oa zile za pale wanawake tunapotawadhia, msikitini kwetu, nilizozibandika kwa mkono wangu mwenyewe wewe ukiwa darasa la tano. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike. Na ukikasirika, una haki.

Habari za kula kwa wakati na kufunga mlango sikuandikii, hayo umeshayakariri mpaka unanitangulia kuyasema. Nataka kukueleza ya kazi, kwa sababu unakwenda kukaa stoo ya mkandarasi. Malori yatakuja, maboksi yatashushwa, na watu wazima wenye sauti nene watakuambia, "Dada, tia sahihi hapo, tunachelewa." Kuna siku na mie niliambiwa hivyo hivyo kwa maneno mengine.

Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha ufundi huu, mie nikianza kwa kumchanganyia saruji tu. Enzi hizo kazi zetu zilikuwa seramiki mwanzo mwisho. Seramiki ni udongo uliochomwa, ndugu yake chungu. Usoni imepakwa rangi na mng'aro, lakini mgongo wake bado ni udongo, unakunywa maji. Ukiibandika kavu inanyonya maji yote ya saruji, na saruji inakufa kabla haijashika. Ndiyo maana tulikuwa tunaziloweka kwenye ndoo kwanza. Na ili kujua kama imeshiba, baba yako alikuwa anailamba mgongo. Ulimi ukinata, bado ina kiu. Usiponata, bandika. Wewe ulikuwa mdogo, ukituona hivyo unakimbia kwa majirani kuwaambia baba na mama wanakula nyumba za watu.

Alipofariki, kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Mikocheni, ukuta wa bafu wa mama mmoja mwenye nyumba yake nzuri. Marumaru zilizoletwa zilikuwa kubwa na nzito, boksi moja linakukata kiuno. Nikamuuliza yule muuzaji aliyekuja na gari, "Kaka, hizi na zile tulizozizoea, tofauti yake nini?"

Akanitazama kuanzia kandambili mpaka mtandio. "Hizi poselini, mama. Hizi za matajiri."

Basi. Hilo ndilo somo nililopewa. Mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Mtu anauza kitu kitakachosimama ukutani juu ya vichwa vya watu, anaulizwa ni nini, anajibu ni cha nani!

Na mie nikaona haya kuuliza mara ya pili. Hilo ni langu, simpelekei mtu. Nikaziloweka kutwa nzima kama nilivyofundishwa. Nilipozitoa nikailamba moja mgongo. Ulimi haukunata. Nikasema alhamdulillahi, zimeshiba. Kumbe hazikunywa hata tone! Poselini ni udongo laini mno, umeshindiliwa na kuchomwa kwa moto mkali kuliko wa seramiki, mpaka umekuwa kama jiwe. Hauna kiu. Ulimi usingenata kabla ya kuloweka, na usingenata baada. Saruji tupu haipati pa kung'ata pale, inataka gundi yake maalumu. Siku ya tatu ukuta mzima ukashuka, kishindo kama kabati la vyombo limepinduka. Shukrani kwa Mungu bafuni hakukuwa na mtu.

Yule mama alitoka anapiga kelele mpaka wa nyumba ya pili wakaja kuchungulia. "Nilijua! Nilimwambia mume wangu, fundi gani anakuja kazini na kanga kiunoni!" Mie nimepiga magoti naokota vipande. Nilikosa kwa kutojua, nikatukanwa mbele za watu. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Nikarudi nyumbani na kipande kimoja cha ile poselini. Nikakaa uani na kipande kingine cha seramiki, nikavidondoshea maji kwa kijiko. Cha seramiki kikanywa, doa likabaki. Cha poselini maji yakakaa juu yametuna kama jasho la puani. Nikavipiga nyundo. Kimoja kikavunjika kama biskuti, ndani chekundu. Kingine kilinitoa jasho, na kilipovunjika ukingo wake ungeweza kuchinjia kuku. Nikalamba kavu, hiki na hiki. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha, Rehema. Nilijifundisha kwa hasira. Tangu siku ile sisomi boksi. Napindua, natazama mgongo, nalamba.

Ndiyo maana walipojenga upya sehemu ya wanawake pale msikitini, akina mama wakasema fundi awe Mama Rehema, ni mwanamke mwenzetu na kazi anaijua. Nilifurahi, mwanangu, usiniulize. Tukakubaliana na kamati: chini pawe na poselini ya mkwaruzo, ile inayokwaruza unyayo, kwa sababu pale maji hayakauki tangu Alfajiri mpaka Isha, na wanaopita ni watu wazima, wajawazito, watoto. Na usije ukadanganywa huko uendako, si kila poselini inafaa kuwekwa chini penye maji. Ipo iliyosuguliwa ikang'aa kama kioo, hiyo nayo itakuvunja shingo. Wala usiidharau seramiki. Ukutani, jikoni, chumbani, seramiki inakaa miaka na haina kosa na mtu. Kosa ni la anayeipeleka pasipo pake.

Mzigo ukaja. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Hamadi, akasimamia kushusha. Boksi limeandikwa poselini, herufi kubwa. Nikafungua, nikatoa moja, uso unang'aa unajiona meno. Nikapindua, mgongo mwekundu. Nikalamba, ulimi ukanata mpaka nikaubandua kama plasta.

"Shikamoo mzee," nikamwendea.

"Marahaba bi fundi. Mbona unalamba mali ya msikiti? Hujanywa chai?"

Wanaume wakacheka. Na mie nikacheka, maana ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akitania unacheka.

"Mzee, hizi sizo tulizokubaliana. Hizi seramiki, tena za ukutani. Tukiziweka chini penye maji, watu wataanguka."

"Boksi limeandikwaje?"

"Limeandikwa poselini, lakini mzee..."

"Sasa kati yako wewe na boksi, nani kasoma?"

Walicheka tena, safari hii zaidi. Rehema, mie nimewahi kuangukiwa na tofali mguuni, halikuuma vile. Akaona nimenyamaza, akalainisha sauti. "Marumaru ni marumaru, bi fundi. Bandika. Ijumaa watu wanataka kutawadha."

Sijui mpaka leo kama yule mzee alikula au naye aliliwa na muuzaji. Simpi dhambi nisiyoijua. Ninayoijua ni yangu. Mie nilijua. Ulimi wangu ulijua. Na nikainama nikabandika, moja baada ya moja, nyuzi zimenyooka, mteremko wa maji safi kabisa, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ijumaa akina mama wakanitunza doti ya kanga na nikasomewa dua. Unaona sasa? Nilipokosa kwa kutojua nilitukanwa. Nilipokosa kwa kujua nilipewa kanga.

Zile kanga unazijua. Ni zile za zambarau ambazo umeniuliza mara ngapi kwa nini sizivai.

Adhana ya Alasiri imelia, nimeacha kalamu nikaenda kuswali. Nimerudi. Nilidhani nikiswali hasira itashuka. Haijashuka, na nadhani hii si ya kushuka.

Unajua kilichofuata, maana ulikuwepo, ila umekijua upande mmoja. Bibi yako alikuwa mwanamke wa miguu. Kila asubuhi anakwenda Vingunguti machinjioni kuchukua utumbo, anarudi anapika supu, wateja wanamsubiri na bakuli mkononi. Alasiri ile alikwenda msikitini mzima, akateleza pale pa kutawadhia, akarudishwa kabebwa kwenye mkeka. Nyonga. Supu ikafa siku ile. Na wewe, mtoto wa miaka kumi na moja, wenzako wakienda kuruka kamba wewe unamshika bibi mkono kwenda chooni, unamkanda mguu kwa maji ya moto. Miaka yote hiyo hukulalamika, na mie nikawa nakusifia kwa watu kwamba Mungu kanipa mtoto mwenye huruma. Huruma! Nilikuwa nakulipisha kosa langu, nikikuita mwema.

Mzee Hamadi alikuja kutupa pole, na kilo mbili za sukari. Akakaa pale barazani, akasema, "Tumshukuru Mungu tu, Mama Rehema. Hii ni kudra yake. Na uzee nao."

Nikasema, "Ndiyo mzee, kudra."

Nikalitamka na mdomo huu ninaoswalia. Sikiliza mwanangu, mie naamini kudra, nimezaliwa nayo na nitazikwa nayo. Lakini Mungu hakwenda dukani kuchagua zile marumaru. Hakusema boksi lisome na fundi anyamaze. Sisi tulifanya, kisha tukamsingizia Yeye kwa sababu tulijua hatakuja kubisha hodi barazani kutusuta. Kuna kufuru gani kubwa kuliko hiyo?

Na walioanguka baada yake? Bi Mwanahawa mkono. Yule mjamzito wa nyuma ya duka, Mungu saidia, hakudhurika. Kamati ikakaa, ikatoa uamuzi: karatasi ukutani, TAHADHARI PANATELEZA. Kisha tukatangaziwa kwamba wanawake tutembee polepole, tuache haraka zetu. Umeona mambo hayo? Sakafu wakaiacha, wakatutengeneza miguu.

Lakini lililonila ndani ni bibi yako mwenyewe. Umemsikia akisimulia mara mia, na unacheka anavyoigiza. "Kiherehere changu mwenyewe! Nimechelewa udhu, nimeingia kama mbuzi kaona shamba, hata bismillahi sikumaliza, Mungu akanikumbusha." Kila akisimulia mie naondoka kwenda jikoni. Ulidhani nimechoka kuisikia hadithi. Nilikuwa nashindwa kumtazama. Mama yangu mzazi amekuwa anaomba toba kwa kuanguka kwenye marumaru nilizozijua mie.

Sasa Alhamisi iliyopita, ulipoleta ile barua ya kazi ukaisoma kwa sauti, "atapokea na kukagua vifaa vya ujenzi," bibi yako akapiga kigelegele. Nikajiuliza, huyu mtoto nimempa nini cha kukagulia? Nimemfundisha shikamoo, nimemfundisha kucheka mkubwa akitania. Ulipotoka nikakaa chini miguuni kwa bibi yako, nikamwambia yote. Boksi, mgongo mwekundu, kicheko, kanga.

Hakulia. Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii umeniacha nijilaumu?"

"Nisamehe mama."

Akageukia ukutani. Siku tatu hakusema na mie. Wewe uliniuliza, "Mama, bibi ana nini?" nikakujibu ana huzuni ya kukuaga. Hata hapo nilikudanganya, nisamehe na hilo. Chakula alikula, salamu akaitikia kwa kichwa. Jumapili baada ya Adhuhuri akaniita. Nikaenda mbio, nikapiga magoti, nikaanza tena, "Mama, nakuomba msamaha..."

Akanikata. "Zile marumaru bado zipo?"

"Zipo mama."

"Na wenzangu wanazikanyaga?"

"Wanazikanyaga."

"Sasa msamaha gani unaniomba, na nyundo yako iko uvunguni?"

Rehema, nimesikia mawaidha mengi maishani, hayo ndiyo yaliyoniingia mifupani. Siku ile ile nikazunguka kwa akina mama tunaosoma nao darsa msikitini, nyumba kwa nyumba, nikawaambia ukweli kama nilivyomwambia bibi yako. Wengine walikasirika. Bi Mwanahawa aliukunja ule mkono wake mbele ya uso wangu na kusema, "Huu nao ulimi wako uliujua?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akatoka na mchango wake, wa kwanza kabla ya wote. Poselini ya mkwaruzo imeshanunuliwa, iko chumbani kwake, na gundi yake. Boksi kwa boksi nimefungua, nimepindua, nimelamba. Muuzaji aliniangalia kama kichaa. Nikamwambia, "Mwanangu, niangalie vizuri, na kesho kutwa ukiniona tena ujue sijapona."

Sheikh nilimwendea kwa adabu. Akasema, "Mama, penye madhara hapasubiriwi. Fanyeni." Mzee Hamadi alipopata habari akanipigia simu. "Mama Rehema, kuna utaratibu. Subiri kikao."

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Kikao cha kumwangusha mama yangu kilikaa lini?"

Akakata. Ni mara yangu ya kwanza kumjibu mkubwa hivyo. Sijui kama nimekosa adabu. Labda nimekosa. Ila najua kwamba siku ile ya boksi nilikuwa na adabu tele, na tazama ilipotufikisha.

Sikuambii uwe mkorofi huko. Amkia wakubwa, na wakitania, cheka, hakuna ubaya. Ukimaliza kucheka, pindua. Usipojua kitu, uliza mara ya pili, na ya tatu, hata wakutazame kuanzia viatu mpaka kichwani. Na ukishajua, mwanangu, hapo ndipo pagumu, maana kutojua kunaponyeka kwa kijiko cha maji na kipande cha marumaru. Kujua na kunyamaza mie sijaona dawa yake. Nimekaa nayo tangu ukiwa darasa la tano, na kesho naanza tu kuitafuta.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ndani ya soksi nyeusi, nimekuwekea vipande viwili. Ni vile vile vya uani, vya siku ya Mikocheni. Cha mgongo mwekundu na cha kijivu. Usivitupe ukadhani mama kachanganya mizigo. Siku utakayosahau tofauti, lamba.

Kama una hasira na mie kwa ajili ya bibi yako, na kwa ajili ya utoto wako, usinifiche. Nipigie simu ukifika, unitukane kwa adabu, nitasikiliza mpaka mwisho. Bora hivyo kuliko kuniambia kudra.

Kesho nitaondoka baada ya Alfajiri, utakuwa unafunga begi, nitakukumbatia hapo hapo mlangoni. Nilitaka bibi yako abaki akusindikize hata mpaka barabarani. Amekataa. Amesema ameshakuombea dua ya safari, inatosha mpaka Dodoma na kurudi. Amemwagiza Salum abebe kile kiti chake cha plastiki akipeleke msikitini kabla hajaja kukuchukua wewe, na amenitaka nimtafutie nyundo ndogo, ile ya baba yako ya mpini mwekundu.

Anasema ya kwanza ataivunja yeye.

Mama yako akupendaye.